Nilichojifunza kwa kufuata nyayo za Lugard, toka Karonga mpaka Ngamiland

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanamjua Lugard kwa Uganda tu. Yule ofisa wa jeshi la Uingereza aliyejenga ngome kwenye kilima cha Kampala mwezi Desemba 1890, akamsainisha Kabaka Mwanga mkataba, halafu mwaka 1892 bunduki ya Maxim ikaongea pale Mengo. Wakenya nao wanamjua kwa Dagoretti na kiapo cha undugu alichokula na Waiyaki wa Hinga. Lakini kuna upande wake mwingine ambao mimi nimekuja kuuelewa kwa sababu ya kazi yangu, upande wa madini, na naona kabisa bila huo upande huyu mtu humwelewi vizuri, wala huelewi kwa nini mpaka leo mikataba ya migodi yetu imekaa vile ilivyokaa.

Mimi ni fundi wa sampuli za miamba. Kwetu ni Chunya, nimezaliwa katikati ya maduara ya dhahabu, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, wazee wetu wote walichimba Lupa enzi za mkoloni na baada ya hapo, kwa hiyo kazi hii ni kama nimeirithi. Nikasoma, nikapata cheti, nikaanza kuzunguka na kampuni za utafutaji. Kazi ya kwanza ya nje ya nchi ilikuwa Malawi, kwenye mgodi wa urani wa Kayelekera, magharibi mwa Karonga. Toka Mbeya ni karibu tu, unashuka Tukuyu, unavuka mpaka Kasumulu, unaufuata ufukwe wa Ziwa Nyasa umefika. Sasa pale Karonga ndo nilipolisikia jina la Lugard kwa namna ambayo shuleni sikuwahi kufundishwa.

Mzee mmoja wa pale alinihadithia habari za Mlozi. Mlozi alikuwa Mswahili mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, kajenga boma lake bara ya Karonga, na aliwaua Wangonde wengi kweli kweli, sina haja ya kumpamba. Lakini mzee akaniambia kijana wangu, angalia aliyekuja kupigana naye alikuwa nani. Hakuwa jeshi la malkia. Ilikuwa kampuni. African Lakes Company ilikuwa na duka na ghala pale Karonga, biashara yao kubwa ni pembe za ndovu hizo hizo, walipozidiwa wakatafuta mtu wa kuwaongozea mapigano, na mtu aliyejitokeza mwaka 1888 ni Kapteni Frederick Lugard, yuko likizo ya jeshi, hana pesa, kavunjika moyo kwa habari za mapenzi huko India, anatafuta mahali pa kwenda hata kama ni kufa. Juni 1888 wakavamia boma mojawapo la hao wafanyabiashara, wakashindwa, Lugard akapigwa risasi akaumia vibaya mkono. Mlozi mwenyewe alikuja kunyongwa mwaka 1895, wakati huo Lugard yuko mbali kabisa.

Ile sentensi ya "haikuwa jeshi, ilikuwa kampuni" ilinikaa sana kichwani. Nikaanza kusoma, jioni kambini hakuna cha kufanya, intaneti ipo, basi nikawa nasoma.

Huyu bwana alizaliwa Madras, India, mwaka 1858, baba yake mchungaji wa jeshi. Akapita chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akapelekwa India, akapigana vita ya Afghanistan 1879 mpaka 1880, Sudan upande wa Suakin 1885, Burma 1886 mpaka 1887 na huko akapewa nishani ya DSO. Mpaka hapo ni askari wa kawaida wa dola. Lakini kuanzia Karonga ukihesabu alikuwa anawafanyia kazi akina nani unashangaa. Kwanza African Lakes. Halafu Imperial British East Africa Company ya Mackinnon, hiyo ndo ilimtoa Mombasa ikampeleka Machakos, Dagoretti, mpaka Uganda. Halafu Royal Niger Company ya George Goldie, iliyomtuma Borgu mwaka 1894 kukimbizana na Wafaransa nani atangulie kusaini mkataba na mfalme wa Nikki, akatangulia yeye, na njiani akapigwa mshale wa kichwa akapona. Halafu British West Charterland Company, 1896, hiyo sasa ni kampuni ya madini moja kwa moja. Kampuni nne mfululizo, na mtu ni yule yule, ujuzi ni ule ule: kupanga msafara, kupata wapagazi, kujua maji yako wapi, kulinda kambi, na zaidi ya yote kumkalisha mtawala wa kiafrika chini akaweka alama yake kwenye karatasi.

Hapo kwenye karatasi ndipo penye somo langu lote, nitarudi.

Miaka ikaenda nikapata kazi Botswana, kaskazini magharibi, Ngamiland. Nchi tambarare, mchanga wa Kalahari umefunika kila kitu, unaweza kuendesha gari asubuhi mpaka mchana usione jiwe hata moja. Tulikuwa tunachoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, kutafuta shaba. Pale kuna ukanda wa shaba unatoka Namibia unapita Ghanzi unaelekea kusini ya Maun, na siku hizi mgodi wa Khoemacau unatoa shaba na fedha chini ya ardhi kwenye ukanda huo, ulianza uzalishaji mwaka 2021 na mwaka 2024 ukanunuliwa na kampuni ya MMG kwa karibu dola bilioni 1.9. Kwa hiyo mali ipo, tena nyingi.

Sasa karibu na Toteng kuna vilima vidogo vinaitwa Kwebe, ni mawe ya volkano ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni moja, ni kati ya sehemu chache ambazo mwamba umetokeza juu ya mchanga. Dereva wetu, Rra mmoja (ndo "bwana" kwa Kitswana) mtu mzima wa kabila la Batawana, tukipita kule akawa ananionyesha kwa mkono, pale ndo ilikuwa kambi ya Lugard. Nikamwambia Rra, Lugard huyu huyu wa Uganda? Akasema huyo huyo, yeye na mdogo wake.

Na ni kweli. Mwaka 1896 British West Charterland ilikuwa na haki ya kutafuta madini kwenye nchi ya Batawana, ikamwajiri Lugard kuongoza msafara. Reli iliishia Mafeking. Toka hapo mpaka Ziwa Ngami ni kama kilomita elfu moja, kwa mikokoteni ya ng'ombe, na mwaka ule ndo sotoka ilikuwa inateremka kutoka kaskazini inaua ng'ombe Afrika nzima ya kusini, ng'ombe wa kuvuta mikokoteni wanakufa barabarani mizoga inanuka. Mtu mwingine angerudi. Lugard akapita kwa Khama, mtawala wa Bangwato, pale Palapye, akahangaika na wanyama wowote aliowapata, akavuka Kalahari, akafika. Mimi ninayejua ilivyo kupeleka mashine ya kuchoronga na matanki ya maji kule kwa malori ya kisasa nasema wazi, kwa upande wa kupanga kazi yule mtu alikuwa na uwezo mkubwa. Nadhani ukikataa kuona uwezo wake utashindwa kuelewa madhara yake.

Wakatafuta. Mdogo wake Edward akabaki na kambi Kwebe, mke wa Edward akawa anachora na kukusanya mimea ya pale, mingine ikapelekwa bustani ya Kew kule London. Dhahabu na almasi walizokuwa wanazitarajia hawakuzipata za kulipa. Na ukiuliza kwa nini, jibu la kifundi ni rahisi: mchanga. Shaba ile iko chini ya mchanga na chokaa ngumu, huwezi kuiona kwa macho wala kwa nyundo, inahitaji vipimo vya sumaku, vya umeme, kemia ya udongo, na uchorongaji wa mita mamia. Almasi nazo hivyo hivyo. Orapa, penye mgodi mkubwa wa almasi, iko kwenye nchi hiyo hiyo ya katikati ya Palapye na Ziwa Ngami, na imegunduliwa mwaka 1967, miaka 70 baada ya msafara wa Lugard, na watafiti wa kampuni ya almasi ya De Beers waliokuwa wanachekecha mchanga punje kwa punje kutafuta madini yanayofuatana na almasi.

Mwaka 1897 barua ya Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, ikamfuata huko huko Kalahari: rudi, nenda Afrika Magharibi ukaunde jeshi, West African Frontier Force. Akaacha kampuni, akarudi kwenye jeshi. Kampuni haikutajirika.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilijiuliza sana, kama hawakupata kitu, kampuni ilikuwa inauza nini London? Ilikuwa inauza ile haki. Hisa zinauzwa kwa sababu kuna karatasi yenye eneo kubwa na sahihi ya mtawala, na kuna kapteni mwenye jina aliyekwenda. Jiwe lenyewe linakuja baadaye au haliji kabisa. Ndugu zangu, hii ndo kazi ya kampuni nyingi za utafutaji mpaka leo, na mimi nimezifanyia kazi muda mrefu bila kuliona hili waziwazi. Kwetu sisi mafundi tunafikiri utafutaji ni mwamba. Kwa wenye kampuni utafutaji ni karatasi, mwamba unasaidia tu bei ya karatasi kupanda.

Naijeria ndo mahali ambapo jambo hili lilifika mwisho wake. Sijafika kule, ila nimekaa kambi moja na mwanajiolojia wa kutoka Jos, kaka mmoja mpole, alikuwa ananionyesha picha za kwao, mabwawa yaliyoachwa na uchimbaji wa bati, watoto wanaogelea humo na wengine wanazama. Nikamuuliza yalianzaje, akaanza kunipa historia, nikaendelea kusoma mwenyewe.

Tarehe 1 Januari 1900 Lugard akapandisha bendera Lokoja kuwa mkuu wa Naijeria ya Kaskazini. Siku hiyo serikali ilichukua nchi kutoka kwa Royal Niger Company, mwajiri wake wa zamani, na kampuni ikalipwa fidia ya pauni 865,000. Sawa. Lakini kulikuwa na kipengele kingine: kampuni itapata nusu ya mrabaha wote, yaani yale malipo ambayo serikali inatoza kwa madini yanayochimbwa, kwenye eneo kubwa la kaskazini, mpaka mstari wa Yola na Zinder, kwa miaka 99. Soma tena. Miaka 99, nusu ya mrabaha, kwa madini ambayo wakati huo hayajachimbwa, kwenye nchi ambayo sehemu kubwa yake bado haijawahi hata kutawaliwa na Mwingereza.

Halafu angalia mfuatano. Mwaka 1902 jeshi la Lugard likaingia Bauchi, emir akaondolewa. Mwaka huo huo injinia wa madini wa Niger Company akaenda kutafuta bati linatoka wapi. Mwaka 1903 Kano ikaanguka mwezi Februari, Sokoto mwezi Machi. Mgodi wa bati wa Naraguta ukafunguliwa, baada ya muda makampuni yakajaa uwanda wa Jos. Na wenyeji walikuwa na bati lao kabla ya hapo, kule Liruein Delma walikuwa wanayeyusha wenyewe na kuliuza kwa wafanyabiashara wa Kihausa, hakuna aliyelivumbua kwa ajili yao. Nusu ya mrabaha ikawa inakwenda kwa kampuni, na ikaendelea kwenda kwa warithi wa kampuni, Niger Company ikanunuliwa na Lever Brothers mwaka 1920, ikaja kuingia United Africa Company mwaka 1929, karatasi inatembea tu. Ilifutwa mwaka 1949, na hata kuifuta serikali ya Naijeria ililazimika kuinunua kwa pauni milioni moja.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza sikulala vizuri, nasema ukweli. Watu waliokuwa hawajazaliwa mwaka 1900 wamekua mpaka utu uzima huku wakikatwa nusu ya mrabaha kwa sababu ya mazungumzo ambayo hawakuwepo.

Enugu ni hivyo hivyo kwa namna yake. Makaa ya mawe yalionekana mwaka 1909 na timu ya Albert Kitson, Lugard akarudi Naijeria 1912 kutoka Hong Kong alikokuwa gavana, akaunganisha kusini na kaskazini Januari 1914, mgodi ukafunguliwa 1915, reli ya Enugu mpaka bandarini ikakamilika 1916. Bandari yenyewe akaipa jina la waziri wa makoloni, Lewis Harcourt, ndo hiyo Port Harcourt. Na mwaka 1916 huo huo sheria ya madini ikasema madini yote chini ya ardhi ni ya taji la Uingereza. Vibarua wa mgodi walipatikana kupitia machifu kama Onyeama wa Eke, huo ndo mfumo wa kutawala kupitia machifu ambao Lugard aliusifia kwenye kitabu chake cha 1922, The Dual Mandate. Yeye akawa bwana mkubwa, akaitwa Lord mwaka 1928, akafa 1945 nyumbani kwake Surrey. Miaka minne baadaye, tarehe 18 Novemba 1949, polisi wakapiga risasi wachimbaji wa Enugu pale Iva Valley kwa sababu ya mgomo wa malipo, wakafa 21.

Nisieleweke vibaya, sisemi kila mkataba wa madini ni wizi. Botswana hiyo hiyo ndo imenifundisha kinyume chake. Mwaka 1967 Seretse Khama, mjukuu wa yule Khama aliyepitiwa na Lugard, alishawishi makabila yaikabidhi serikali haki za madini, akianza na kabila lake mwenyewe la Bangwato ambalo ndo lenye Orapa. Hisa za serikali kwenye almasi zilianza kwa asilimia 15, na kufika mwaka 1975 walikuwa wamekaa mezani tena na De Beers wakafika 50 kwa 50. Walisoma karatasi, wakaikataa, wakaandika nyingine. Batswana niliofanya nao kazi wanaijua hii habari mpaka madereva, ukikaa nao kwenye moto usiku wanakueleza asilimia kwa asilimia, na mimi nilikuwa natamani kijijini kwetu iwe hivyo.

Kwa hiyo niliporudi Chunya na kukuta kampuni moja ya utafutaji imekuja kijijini, nilijua pa kuanzia. Watu walikuwa wanauliza maswali ya mwamba: kuna dhahabu kiasi gani, iko kina gani, ajira ngapi. Mwakilishi wa kampuni, kijana mzuri tu anaongea vizuri, anajibu kwa furaha kwa sababu maswali hayo hayamfungi kwa lolote. Nikaomba nafasi kwa mwenyekiti. Nikasema wazee wangu, mama zangu, kabla ya dhahabu tuulize karatasi. Leseni inaisha lini? Kwetu leseni ya utafutaji inaanza na miaka 4, na ukihuisha unatakiwa kuachia nusu ya eneo, je ramani ya eneo litakaloachiwa iko wapi? Kampuni ikiuza leseni kwa mwingine, ahadi hizi mnazotuambia leo zinahama na leseni au zinabaki kwenye hewa? Mashimo na mitaro mnayochimba kuchukua sampuli anafukia nani na kwa muda gani? Na huu mkataba wa kupita kwenye mashamba mbona umeandikwa kwa kiingereza wakati wanaosaini ni akina mama wa hapa?

Ukumbi ulikaa kimya halafu ukawaka. Mama mmoja mwenye shamba la alizeti akasimama akasema yeye alishaweka dole gumba wiki iliyopita na hajui aliweka kwenye nini. Tukaomba karatasi zote ziletwe, ofisa mtendaji akakubali, mwalimu wa sekondari na mimi tukakaa kuzitafsiri sentensi kwa sentensi, halafu zikasomwa kwa sauti kwenye mkutano, ndefu, watu hawakuondoka. Kulikuwa na kifungu kinachosema ruhusa ya kupita shambani inadumu "kwa kipindi chote cha leseni na leseni zitakazofuata". Mzee mmoja akauliza zitakazofuata mpaka lini. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Najua sheria za nchi zimebadilika, toka 2017 serikali ina hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa, mrabaha wa dhahabu ukapanda kuwa asilimia 6, na kuna sheria ya bunge inayosema utajiri wa asili ni mali ya wananchi. Ni hatua kubwa na naziunga mkono. Ila mgodi mkubwa unakuja mwishoni. Kwenye hatua ya utafutaji, ambayo ndo kazi yangu, mwenye shamba anakutana peke yake na gari, kijana mwenye tableti na fomu, na pale hakuna mwanasheria mkuu.

Mpaka naandika hivi kampuni imekubali fomu ziwe za kiswahili, kile kifungu kimefutwa na kuwekwa ruhusa ya mwaka mmoja mmoja, na mitaro inafukiwa ndani ya siku 30 baada ya sampuli kuchukuliwa, imeandikwa na muhuri wa kijiji upo. Wale waliosaini zamani, akiwemo yule mama wa alizeti, wamesaini upya. Suala la leseni kuuzwa kwa mwingine bado hawajalijibu, wanasema linahitaji bodi yao, na kijiji kimesema mashine ya kuchoronga haitaingia mashambani mpaka jibu lije kwa maandishi. Mkutano mwingine ni baada ya mavuno.